Mfarishi wa Mtoto wa Sista

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi kali. Gurudumu la cherehani linauma vidole. Kazi za leo: suruali mbili za sare, zipu moja.

Saa nne Sista Kokushubira alikuja kibandani. Ni nesi wa kituo cha afya, mtu wa Bukoba, amepangiwa kazi huku miaka mitatu sasa. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, hapahapa Nkende, Tarime, na mumewe Mwalimu Projestus. Mtoto wa kwanza baada ya miaka saba ya kungoja. Tarehe ya kujifungua: kumi Julai.

Alinionyesha picha kwenye simu. Kiblanketi cha mtoto mchanga. Vitambaa vya vipande juu, kitambaa kizima chini, kitu laini katikati, vyote vimeshonwa pamoja. Akauliza kama nakiweza. Nikamjulisha kwamba kitu hicho kinaitwa mfarishi na kwamba nakifahamu siku nyingi. (Nimekutana nacho mara moja. Kwenye kamusi.)

Akafurahi. Kisha akasema Modesta naye anashona mmoja.

Modesta! Aliyejifunza kwangu miezi kumi na minane, kwa cherehani yangu, akavunja sindano zangu! Sasa ana kibanda ng'ambo ya barabara, chenye kibao kilichochorwa mkasi. Mimi sina kibao. Mimi najulikana.

Jioni Mwalimu Projestus alipita kusalimia. Mtu mwenye furaha mpaka viatu vinaonyesha. Akatamka mbele ya watu watatu, nanukuu:

"Fundi, sikia. Atakayemfunika mwanangu siku anazaliwa, mwanangu atachukua jina lake."

Nimeyaandika maneno hayo papo hapo, na saa pia. Kumi na moja na dakika arobaini.

Maelezo kwa kumbukumbu zangu. Nina mabinti watatu. Kaka zangu wana watoto wa kiume tisa, wote wamepewa majina ya marehemu wa ukoo, isipokuwa mmoja aliyepewa la mchezaji mpira. Kuanzia hapa mpaka Sirari hakuna mtoto hata mmoja anayeitwa Athanas kama mimi. Nimeulizia.

Lengo liko wazi.

Jumanne, 17 Juni

Nimechora jedwali. Swali la kwanza: cha kuweka katikati. Wenye kuwania ni sponji, blanketi kuukuu, pamba ya dukani na sufi. Sufi ni ile pamba ya mti, inayotoka kwenye maganda yakipasuka. Nyepesi kuliko zote. Modesta hawezi kuijua.

Jaribio: kulala chali mlangoni, shati wazi, kila kitu tumboni nusu saa, huku nikiangalia saa.

Sponji: jasho, halafu baridi, halafu jasho. Pamba ya dukani: ilihamia mbavuni yote, kitovu kikabaki uchi. Blanketi kuukuu: nilisinzia. Niliamka saa mbili baadaye, mate shingoni, wateja wawili wamekaa kwenye benchi wananitazama. Kwa hiyo blanketi halikupimika. Nimelifuta kwenye jedwali.

Inabaki sufi, ambayo sina. Lakini shemeji yangu Raphael, kaka wa mke wangu Robi, yuko kijijini wilaya ya Serengeti, na kwenye harusi yake niliona mti huo kwa macho yangu, umemwaga nyeupe uwanja mzima. Nimempigia. Mtandao ulikuwa unakatakata. Nikamwandikia ujumbe: "Shemeji nitumie SUFI gunia moja, ni kwa ajili ya mtoto mchanga." Akajibu kwamba kwa mtoto mchanga hata kama ni usiku atafanya.

Mtu wa maana sana.

Alhamisi, 19 Juni

Swali la pili: kushikiza. Tabaka tatu zisiposhikizwa kabla ya kwenda kwenye mashine, zinacheza. Ya juu inakimbia, ya chini inajikunja, unamaliza na kitu kama sambusa.

Njia ya kawaida ni kupiga bandi: mishono mirefu ya mkono, kila vidole vinne, kutoka katikati kwenda pembeni. Ukishamaliza kushona unazifumua zote. Kazi ya siku mbili. Ndiyo niliyomfundisha Modesta. Kwa hiyo ataitumia. Kwa hiyo mimi siwezi kuitumia. Mwalimu hashindani na mwanafunzi kwa bandi ileile.

Nimejaribu pini za nepi kwenye kipande cha mfano. Niliingiza ishirini na nne. Nikashona. Nikatoa ishirini na tatu.

Nimehesabu mara sita. Nimekung'uta kipande. Nimetambaa sakafuni na tochi. Nilipokata tamaa nikakaa.

Ya ishirini na nne imepatikana.

Robi aliichomoa, akaihesabu kwa sauti: ishirini na nne. Afadhali asingehesabu. Pini zimefutwa. Kitu kinachoweza kunifanya mimi vile, kitamfanya nini mtoto wa siku moja? Mimi ni mshindani, si muuaji.

Jumamosi, 21 Juni

Gunia limefika kwa basi la kutoka Mugumu. Kubwa! Kondakta alilishusha akiwa ameziba pua.

Nililifungua nyuma ya nyumba. Si sufi.

Ni manyoya. Ya kondoo. Ya kahawia, meusi, meupe yaliyokuwa meupe zamani. Yana samadi kidogo, na kupe watatu, mmoja hai.

Nikampigia Raphael. Anasema alipoona SUFI alijua nimekosea herufi, maana mimi nina haraka. Yeye ni mzee wa kanisa. Sufu anaisoma kila mwaka kwenye Biblia, sufi hajawahi kuisikia. Kondoo wa kule hawana sufu ya kukatwa, wana manyoya mafupi kama ya mbuzi. Lakini kwa kuwa ni mtoto mchanga, aliazima mkasi, akawanyoa kondoo kumi na saba. Wake saba, wa jirani kumi. Jirani hakuwepo. Amerudi jana na kikao kimeitishwa.

Nikamweleza sufi ni nini. Mti, maganda, nyeupe.

"Mura," akasema, kama sisi Wakurya tunavyoitana, "si ungesema mti wa mito!"

Huko kwao ndivyo wanavyouita, kwa kuwa wanajazia mito ya kulalia. Maganda yake mwaka huu yameshaokotwa yote. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama manyoya yanaweza kurudishwa. Nikamwambia sidhani.

Usiku nimefikiri kama mtu mzima. Wazungu wanajifunika sufu, tena kwenye theluji. Huenda Raphael amenisaidia bila kujua.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nilichemsha manyoya kwenye sufuria kubwa, maji matatu, sabuni na majani ya mchaichai.

Harufu ikaenda mbali. Ibada ilipotoka, wazee wawili walipita kuulizia afya yangu, wakakaa. Akaja wa tatu. Wakaongea habari za mahindi huku wakitazama sufuria. Saa saba mmoja akasema kwa adabu kwamba nyama ikichemka sana inapoteza ladha. Ikabidi nifunue.

Waliondoka bila kuaga vizuri. Mbwa wa Mwalimu Projestus amebaki.

Nimeyaanika juu ya bati. Yakikauka yananuka kidogo tu, hasa ukiwa karibu, au upepo ukikuelekea.

Jumanne, 24 Juni

Upelelezi. Nilimtuma Robi kwa Modesta. Maagizo: achukue kiberiti kama kisingizio, atazame kilicho katikati, arudi. Asiulize chochote.

Alirudi baada ya saa nzima, na kiberiti, na fungu la mboga za maboga. Aliuliza kila kitu. Modesta alimjibu kila kitu. Ameweka blanketi kuukuu lililofuliwa mara tano, amepiga bandi kila vidole vinne, sasa anashona taratibu. Akasema nisalimiwe, shikamoo.

Blanketi kuukuu! Kitu ambacho jedwali langu limekikataa!

Hata hivyo nilichukua tahadhari. Jioni nilivuka barabara mwenyewe, nikamwambia kama baba kwamba mafundi wakubwa siku hizi wanatumia sponji, nene, ya kiti cha gari. Akanisikiliza kwa heshima. Akasema asante mwalimu, atafikiria. Nilipofika kwangu nikageuka. Alikuwa anaendelea na blanketi.

Hashauriki.

Ijumaa, 27 Juni

Suala la kushikiza limetatuliwa! Nimeamka nalo kichwani. Gundi! Si ya viatu, ile ina sumu. Uji wa unga wa ngano, ule tuliotumia shuleni kubandika matangazo. Ukifuliwa unatoka. Hakuna pini, hakuna bandi, hakuna siku mbili. Dakika ishirini.

Unga wa ngano haukuwepo. Nikatumia wa muhogo. Mzito zaidi, kwa hiyo bora zaidi.

Nilitandaza kitambaa cha chini mezani. Kizuri, cha njano. Nikapaka uji. Nikapanga manyoya. Hayakukaa. Nikaongeza uji. Manyoya yakakaa, ila yakapenya. Nikapaka tena ili yasipenye. Kitambaa cha juu, vipande thelathini vya vitenge, miezi ya masalia yangu. Nikakandamiza kwa matofali manne.

Nilimpelekea Mwalimu Projestus karatasi ya makubaliano kuhusu jina, nafasi ya sahihi tatu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema neno lake linatosha. Ninayo karatasi ya neno lake, humu.

Jumamosi, 28 Juni

Umekauka. Nimeshona mistari kwenye mashine. Sindano tano zimevunjika, ambazo nazihesabu kama gharama za utafiti.

Hakuna tabaka iliyocheza. Hata unywele mmoja! Mfarishi umenyooka kama daftari. Niliuegemeza ukutani, ukasimama wenyewe.

Nilimwita Robi auone. Aliugonga kwa kidole. Ukalia. Akaugonga tena upande mwingine, kama anayetafuta mlango.

"Baba Gloria," akasema, "hapa hujashona. Umesiriba."

Nikamwambia utalainika mtoto akishautumia. Akauliza mtoto atautumia kwa kuupanda au kwa kuuegemea. Nikatoka nje.

Sisimizi wameanza kuja. Wachache.

Jumapili, 29 Juni

Siku ya kulainisha. Bado siku kumi na moja, muda upo.

Kuufua: hapana, jua ni dogo, hautakauka. Kuukunja: ulinikunja mimi. Mwisho niliuzungushia shuka, nikauweka juu ya kinu, nikautwanga kwa mchi. Pembe moja imelegea. Inakaribia kuwa laini, kama kandambili mpya.

Robi ananitazama sana siku hizi. Sweta lake la buluu halina kifungo tangu Februari. Ananikumbusha kila Jumapili. Leo hakukumbusha. Nadhani ameanza kuelewa umuhimu wa kazi hii.

Jumatatu, 30 Juni



Saa mbili asubuhi Sista Kokushubira alishikwa na uchungu. Siku kumi kabla! Mwalimu Projestus aliita gari la jirani, Robi akaingia naye nyuma, wakaondoka. Kwa haraka hiyo mfuko wa nguo za mtoto ukabaki ndani, nyuma ya mlango wao. Mwalimu alirudi kuuchukua baadaye, hakupata ufunguo, ulikuwa kwa mkewe.

Mimi nilibaki na kazi ya pembe tatu zilizosalia. Nikatwanga kwa nguvu zote. Saa tatu na nusu nikasema inatosha. Modesta nilimwona ng'ambo anafunga kibanda, kifuko cheupe kwapani. Anatembea. Mimi nikaita bodaboda.

Aliyekuja ni Zablon. Alitazama nilichoshika.

"Mura, bati hilo unapeleka wapi?"

Nikamwambia ni mfarishi wa mtoto mchanga. Akazima pikipiki ili asikie vizuri. Nikarudia. Akawasha, akakaza kamba ya kofia yake kidevuni.

Nilikuwa nimeukumbatia kifuani. Kwenye mteremko upepo ukaukamata. Pikipiki ikaanza kwenda kulia yenyewe. Zablon akapiga kelele niuachie. Nikapiga kelele siachii. Akapiga kelele kwamba ana mke mjamzito nyumbani. Tukaingia kwenye bustani ya michicha ya mtu, taratibu, bila majeraha. Mwenye michicha alitoka. Mazungumzo yalichukua dakika arobaini.

Nilifika kituoni saa tano kasorobo. Mlangoni mhudumu mmoja aliupokea, akaugeuza, akauliza kama ndio ubao wa matangazo walioahidiwa.

Modesta alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Hakuingia! Alikuwa anafumua nyuzi za bandi, moja moja, anahesabu kwa midomo. Aliniamkia. Akanielezea bila mimi kumwuliza kwamba uzi mmoja ukibaki unaweza kuzunguka kidole cha mtoto ukazuia damu, kwa hiyo hata mfalme atasubiri.

"Si ulinifundisha wewe, mwalimu? Bandi ya mwisho ndiyo mbaya."

Sikumbuki kusema hivyo. Ni maneno mazuri. Inawezekana nilisema.

Nikaona nafasi. Yeye amekaa, mimi nimesimama! Nikaelekea mlangoni, mfarishi mbele kama ngao. Ukakwama kwenye fremu ya mlango. Nikaugeuza ubavu. Wakati huohuo Robi akatoka.

Alikuwa na blauzi ya mikono mifupi, anatetemeka, anacheka. Mtoto wa kike. Alizaliwa saa nne na dakika kumi. Mama mzima, mtoto mzima. Nguo hazikuwepo, kanga ya mama ilikuwa imelowa, dirisha linaingiza baridi. Robi akavua sweta lake, akamfunga mtoto humo.

Nilisimama pale na ubao wangu. Miaka saba yule dada amengoja. Kwa ndani nilisikia kilio kidogo, chembamba, kama uzi unaopita kwenye sindano. Nikaegemeza mfarishi ukutani na kufuta macho. Vumbi la manyoya.

Jumatano, 2 Julai

Wamerudi nyumbani. Mtoto amelala ndani ya mfarishi wa Modesta. Nimeubonyeza, kwa uchunguzi tu. Mwepesi, unafuata mwili, mistari imenyooka. Akina mama wanne waliokuwa wodini wameshamwagiza kila mmoja wake.

Mwalimu Projestus alikuja jioni na chupa ya chai. Akanipita. Akasimama mbele ya mke wangu.

"Mama Gloria, samahani. Jina lako hasa ni nani?"

Miaka mitatu jirani! Robi akamwambia. Akalirudia mara mbili, kulijaribu mdomoni.

"Basi mwanangu ni Robi."

Robi wangu akaweka kikombe chini. Akasema wao ni watu wa Bukoba, ndugu watashangaa jina la Kikurya. Mwalimu akasema waache washangae, mtoto kazaliwa Tarime, na aliyemvulia nguo kwenye baridi ni mtu wa Tarime. Robi akageukia ukuta, akajishughulisha na pazia.

Nikaomba kuzungumza. Nikaeleza kwamba kufunika, katika muktadha wa makubaliano, kulimaanisha kitu kilichoshonwa na fundi. Nikaleta shajara hii. Nikamsomea tarehe, saa na maneno.

Akasikiliza kwa makini. Akasema, "Umeandika vizuri sana, fundi. Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Atakayemfunika mwanangu siku anazaliwa.

Sweta limerudi likiwa limefuliwa. Kifungo kimeshashonwa. Modesta.

Alhamisi, 3 Julai

Habari nyingine. Kikao cha kondoo kimeisha: Raphael atachunga kondoo wa jirani mpaka manyoya yaote. Mfarishi wangu umekuwa mlango wa banda la kuku. Unafunga vizuri. Kuku wanaudonoa kwa ndani kwa sababu ya muhogo.

Nimekaa na jedwali kwa utulivu, bila hasira, kutafuta kosa lilikuwa wapi. Robi alisema, bila kuulizwa: blanketi kuukuu, bandi, kuanza mapema. Modesta naye alivuka barabara asubuhi, akasema kazi zimemzidi, kama ningependa tushone pamoja, mimi nipige bandi maana mkono wangu ni mzuri kuliko wake. Nikamwambia nitafikiria, nipo katikati ya jambo.

Kwa sababu ukitazama matokeo kwa haki, jina limeingia nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyemwoa Robi. Kati ya nyumba zote za Nkende, mtoto amechukua jina kutoka kwangu. Maana yake njia yangu, kwa jumla, ni sahihi. Kilichoharibu ni gundi pekee. Uji unakauka mgumu.

Mke wa Zablon, Naomi, atajifungua Septemba. Inasemekana ni wa kiume. Zablon bado hasemi na mimi, lakini Septemba ni mbali.

Na nimeshapata dawa. Nta! Haina sisimizi. Haina harufu. Ukiipaka ya moto kati ya vitambaa inashika palepale, na ukishashona unaipitishia pasi, inayeyuka, inaondoka yenyewe. Itakakokwenda bado sijajua. Hilo litaonekana kwenye jaribio.

Robi ameficha mishumaa yote. Nimeona ilipo.